Tusiwafukuze Wataalamu, Tuwahoji
(Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa kamati za parokia)



Tukizungumzia sera za biashara vijijini, mara nyingi tunajibiwa: "Wataalamu walishatudanganya." Uchungu huo una sababu. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliitaka Msumbiji ipunguze ushuru wa kuuza nje korosho ghafi, ili mkulima apate bei nzuri. Viwanda vingi vya kubangua vilifungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakakosa kazi. Mwaka 1999 bunge likapandisha ushuru tena.

Lakini tusisahau jambo moja. Waliopima matokeo ni wanauchumi pia. Mwaka 2002 walionyesha kwamba faida kwa kaya ya kawaida ya wakulima wa korosho haikuzidi dola 5.30 za Marekani kwa mwaka. Kosa la wataalamu lilifichuliwa na wataalamu.

Basi kabla ya kukubali au kukataa sera yoyote, tuwaulize: nani atafaidika? Nani atapoteza? Je, mliwasikiliza wabanguaji? Kamati isiyouliza huburuzwa, na isiyosikiliza hubaki na uvumi.