Hesabu Isiwekewe Ua



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya swali linaloonekana kuwa la wataalamu wa kompyuta peke yao, kumbe linatuhusu sote: je, njia ya kufikiri inaweza kuwa mali ya mtu mmoja?

Chukua mfano wa katibu anayeandika kumbukumbu za mkutano. Maneno "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" huyaandika kwa ukamilifu mara ya kwanza. Baada ya hapo huyapa alama fupi akaendelea na kazi. Kompyuta nayo inaweza kufanya vivyo hivyo ili kuokoa nafasi. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Israeli, Abraham Lempel na Jacob Ziv, walichapisha njia ya namna hiyo: mfululizo unaojirudia unapewa namba katika kamusi, na namba ndiyo inayoandikwa. Mmarekani Terry Welch akairekebisha, akaieleza katika jarida la wahandisi mwaka 1984. Waliosoma wakaitumia.

Jambo ambalo makala ile haikulitaja ni kwamba maombi ya hataza yalikwishapelekwa serikalini mwaka 1983. Hataza ilitolewa Desemba 1985 kwa kampuni ya Sperry, ambayo mwaka uliofuata iliungana na Burroughs ikawa Unisys. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe ilibuni muundo wa picha uitwao GIF kwa kutumia njia hiyohiyo. Picha za GIF zikaenea dunia nzima. Kisha, mwishoni mwa Desemba 1994, likatoka tangazo: wanaotengeneza programu za kuuza zinazoshughulika na GIF walipe ada ya leseni.

Watu walishtuka. Wamejenga nyumba, paa limekwisha kuezekwa, ndipo anatokea mwenye kiwanja! Mwaka 1995 wataalamu waliojitolea walikaa chini wakabuni muundo mwingine, PNG, usiodaiwa na mtu. Hataza ya Marekani ilikwisha Juni 2003.

Wapo wanaosema kampuni hutumia fedha nyingi katika utafiti, na asiyelindwa hatabuni. Hoja hiyo ina uzito. Anayekesha akiandika programu anastahili kula jasho lake. Lakini ulinzi upo tayari, nao ni hakimiliki. Mkataba wa haki za ubunifu wa Shirika la Biashara Duniani, uliotiwa saini mwaka 1994, unataka programu zilindwe kama maandishi ya fasihi. Anayenakili kazi ya mwenzake hushtakiwa.

Hataza inakwenda mbali zaidi. Inamfunga hata yule ambaye hakunakili chochote. Katibu wa Mbeya aliyebuni alama zake mwenyewe anaambiwa alipe, kwa sababu katibu wa mahali pengine asiyemjua alitangulia kujiandikisha. Kampuni kubwa ina mawakili wa kupekua hataza. Kijana mwenye kompyuta moja hana.

Kuna pia lugha zenyewe za kuandikia programu. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliishtaki Google kuhusu lugha ya Java. Madai ya hataza yalishindwa mwaka 2012, ukabaki ugomvi juu ya mistari ipatayo 11,500 inayotaja majina na mpangilio wa amri. Aprili 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 2, iliamua kwamba Google iliitumia kihalali, bila kukata shauri kama mistari hiyo ina hakimiliki au la. Karibu miaka kumi na moja mahakamani! Ni mtengenezaji gani mdogo angeweza kuivumilia?

Nchi za Ulaya zililiona tatizo hili. Julai 2005 Bunge la Ulaya lilikataa mswada wa hataza za aina hii kwa kura 648 dhidi ya 14.

Maoni yangu ni haya. Wabunge wetu wanapozigusa sheria za ubunifu, wawasikilize pia vijana wanaoandika programu, wasiwasikilize wenye makampuni peke yao. Aliyechimba kisima alipwe kwa kazi yake ya kuchimba. Ila asidai kwamba maji yote yaliyo chini ya ardhi ni yake.