Kifafa, Mifupa na Jua: Vitamini D Inasaidia Wapi?



Jamaa za watu wanaoishi na kifafa huuliza: je, vidonge vya vitamini vinavyouzwa madukani vinatibu kifafa? Swali hilo ni la haki. Mzazi ambaye mwanawe ameanguka mara tatu katika wiki moja atanunua chochote atakachoambiwa kinasaidia. Jibu ni kwamba vitamini D haitibu kifafa. Hata hivyo, mwili wa mtu anayemeza dawa za kifafa unaweza kuihitaji kuliko miili ya wengine.

Sababu iko kwenye ini. Dawa kama fenobabitali, fenitoini na kabamazepini hulifanya ini lifanye kazi kwa kasi zaidi, na katika kasi hiyo huvunjavunja vitamini D kabla haijatumika. Vitamini D ikipungua, utumbo hushindwa kufyonza kalsiamu ya kutosha kutoka kwenye chakula, na mwili hulazimika kuichukua kutoka kwenye mifupa. Mifupa hudhoofika kimyakimya kwa miaka. Mtu mwenye mifupa dhaifu akianguka kwa kifafa, anaweza kuvunjika nyonga, mkono au uti wa mgongo. Kwa mtoto anayekua, upungufu huo unaweza kuleta matege. Tena kalsiamu ikishuka sana katika damu, hali hiyo yenyewe inaweza kusababisha mtukutiko.

Dawa hizo zisilaumiwe. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa mapema na kutibiwa ipasavyo. Anayeacha dawa ghafla ili kuokoa mifupa anaweza kupata mitukutiko mfululizo isiyokatika, na hiyo huua. Dawa iendelee, na mifupa ilindwe.

Ulinzi wa kwanza ni jua, nalo ni bure. Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na jua moja kwa moja. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo, na jua la mapambazuko lina nguvu ndogo. Muda mfupi nje jua likiwa limepanda, uso, mikono na miguu ikiwa wazi, siku kadhaa kwa wiki, humsaidia mtu bila kumuunguza. Mwanamke anayejisitiri kwa buibui anaweza kuotea jua uani kwake. Mwenye ualbino asiote jua kwa ajili hii. Yeye apate ushauri kliniki.

Hapa pana jambo la uchungu. Katika baadhi ya nyumba, mtoto mwenye kifafa hufichwa chumbani, kwa hofu ya maneno ya majirani au kwa kudhani ana pepo. Watafiti wamekichunguza kifafa hapa Kilifi kwa miaka mingi, na wamekihusisha na mambo kama matatizo wakati wa kuzaliwa na maradhi ya utotoni. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumshika aliyeanguka. Mtoto anayefichwa hupoteza shule na marafiki, na kama anameza fenobabitali huku haoni jua, hupoteza pia mifupa yake. Kumtoa nje acheze na wenzake ni sehemu ya matibabu. Awe tu na mtu wa kumwangalia, na asiachwe peke yake karibu na kisima, bahari au moto.

Ulinzi wa pili ni chakula. Vyakula vyenye vitamini D ni vichache: samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini. Kalsiamu ni rahisi zaidi kupatikana. Iko kwenye maziwa, mala, uji wa wimbi, sukuma wiki na dagaa wanaoliwa na mifupa yao.

Ulinzi wa tatu ni vidonge vya nyongeza, na hapa tahadhari inahitajika. Mwaka 2012 madaktari nchini Hungary waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 13, ambao kifafa chao kilikuwa hakitulizwi na dawa, wengi walipungukiwa na mitukutiko baada ya kupewa vitamini D. Habari hiyo inatia moyo, lakini watu 13 ni wachache, na hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha. Haitoshi kumfanya mtu abadilishe dawa kwa vitamini.

Vitamini D iliyozidi haitoki kwa mkojo upesi. Hukaa mwilini na kupandisha kalsiamu kupita kiasi. Dalili zake ni kichefuchefu, kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kuchanganyikiwa, na figo zinaweza kuharibika. Vidonge vingine huingilia dawa. Kalsiamu na dawa za kiungulia zikimezwa pamoja na fenitoini zinaweza kupunguza nguvu yake. Vitamini B6 kwa kiasi kikubwa inaweza kushusha fenitoini na fenobabitali mwilini. Kwa hiyo, kabla ya kununua kopo lolote, mgonjwa alipeleke kwa daktari, afisa wa kliniki au mwanafamasia pamoja na dawa zake zote, zikiwemo za miti shamba. Ndiye atakayepanga kiasi na saa za kumeza.

Wanawake wanaoweza kushika mimba wana ushauri wao. Asidi ya foliki huanzwa kabla ya mimba, kwa kiasi kinachopangwa kliniki. Anayetumia valproeti azungumze na mhudumu mapema, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiiache mwenyewe.

Katika ziara ijayo ya kliniki, aliyemeza dawa za kifafa kwa miaka mingi aulize maswali matatu. Je, dawa hii inagusa mifupa? Je, anahitaji vitamini D au kalsiamu, na kiasi gani? Je, vidonge hivyo vimezwe saa ngapi? Maumivu ya mifupa, udhaifu wa mapaja au miguu ya mtoto inayopinda yatajwe siku hiyo hiyo. Asiyeweza kufika kliniki amwambie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake.