Fungu la Chombo

Khutba ya Ijumaa kwa wenye magari ya mizigo na watu wa nyumbani mwao

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewafanyia waja wake njia katika nchi kavu na baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na mali ya Bibi Khadija hadi nchi ya Sham, akairejesha pamoja na hesabu yake. Na ziwashukie aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Enyi Waislamu, tunajiusia sisi wenyewe na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tumekusudia kusema na ndugu zetu ambao aghalabu hawamo misikitini saa hii. Hao ni madereva wanaomiliki magari ya mizigo wanayoyaendesha wenyewe. Mmoja amelaza gari Nangurukuru, mwingine anangoja zamu ya kupakia ufuta nje ya ghala kule Lindi, mwingine yuko njiani baina ya Somanga na daraja la Rufiji. Msafiri hana dhambi kwa kuikosa Ijumaa. Basi khutba na imfuate huko aliko. Na nyinyi mlioko majumbani sikilizeni pia, maana gari la namna hii huwa halimlishi dereva peke yake, na likianguka halimwangukii peke yake.

Wazee wetu wa Kilwa Kivinje, wa Kisiwani, wa Songo Songo na wa Lindi walikuwa watu wa vyombo. Chombo kiliporejea na samaki au na nauli ya shehena, mapato hayakugawanywa kwa watu tu. Palikuwa na fungu la nahodha, palikuwa na mafungu ya mabaharia, na palikuwa na fungu la chombo chenyewe. Kila bandari ilikuwa na mgawanyo wake, na kwa wavuvi desturi hii ingalipo mpaka leo, nazo nyavu hupewa haki yake. Mgeni angeweza kucheka na kuuliza, ubao unakula nini hata upewe fungu? Mzee wa pwani alijua kwamba ubao unakula. Unakula pamba ya kukalafati, unakula sifa na shahamu, unakula tanga jipya na kamba mpya. Na aliyeunyima fungu lake ufukweni, uliweza kulichukua wenyewe katikati ya bahari.

Sasa tutazame gari. Mtu amechukua tani kumi za ufuta kutoka Lindi kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 450. Tutoe hesabu ya mfano. Si bei ya soko, na kila mmoja aweke tarakimu zake. Kwenda amelipwa shilingi 900,000. Kurudi amepata mzigo wa saruji na bidhaa za duka kwa shilingi 500,000. Amerudi nyumbani na pato la shilingi 1,400,000, na jirani amemwona akishuka garini, na habari zimekwisha kuenea mtaani.

Katika pato hilo, mafuta ya kilomita 900, kwa lita moja kila kilomita tatu na shilingi 3,000 kwa lita, yamekwisha kula 900,000. Utingo na chakula cha njiani wamechukua 100,000. Wapakiaji, maegesho na ushuru wamechukua 50,000. Zimebaki 350,000, na hapa ndipo ndugu zetu wengi wanapofunga daftari, kama walikuwa nalo, wakasema: hii ndiyo faida.

Si faida. Gari lina matairi sita. Tuseme kila moja ni shilingi 600,000, nayo yote sita yataisha baada ya kilomita 60,000. Basi safari moja imekula matairi ya shilingi 54,000, ingawa hakuna aliyeidai fedha hiyo siku ile. Oili na vichujio, vikibadilishwa kila kilomita 5,000 kwa shilingi 300,000, ni 54,000 nyingine. Bima, leseni na kodi, tukizikadiria shilingi 2,400,000 kwa mwaka wa safari 40, ni 60,000 kwa kila safari. Na gari lenyewe linachakaa. Lililonunuliwa kwa shilingi 60,000,000, likiuzwa baada ya miaka kumi kwa 20,000,000, limekula milioni 40 katika safari 400, yaani 100,000 kila linapokwenda na kurudi. Toeni zote hizo. Zimebaki shilingi 82,000.

Hizo 82,000 ndizo ujira wake kwa siku zote za safari na faida yake kwa pamoja, na hatujamtaja fundi wa springi wala pancha ya usiku. Kama angekosa mzigo wa kurudi, angalikuwa amelipa zaidi ya shilingi 400,000 kutoka mfukoni mwake kwa heshima ya kuwabebea watu mizigo, na asingelijua hilo kwa sababu mkononi bado alikuwa ameshika noti. Ndiyo maana tunasema kwamba zile 268,000 za matairi, oili, bima na uchakavu ni fungu la chombo. Mwenye gari ni mwangalizi wake tu. Akizitumia katika harusi ya mtoto wa ndugu, hata kwa nia njema, amekopa kwa gari, na gari halijui kusamehe deni.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tuliwahi kukaa katika matanga ya dereva mmoja katika vijiji vya barabara hii. Jina lake na kijiji chake tunavisitiri. Alifariki ghafla, nyumbani, si kwa ajali. Siku ya tatu akaja mtu wa vipuri na madai yake. Akaja mwenye kituo cha mafuta. Kisha kaka wa marehemu akasema kwamba gari ni nusu yake, kwa kuwa ni yeye aliyetoa fedha ya korosho ya misimu miwili liliponunuliwa. Mjane akasema hakupata kusikia neno hilo tangu aolewe. Hapakuwa na karatasi hata moja. Gari likakaa uani mvua mbili, matairi yakapasuka kwa jua, panya wakakata nyaya za umeme. Na lilipouzwa hatimaye, bei yake haikutosha deni, achilia mbali mirathi. Yule kaka na yule mjane hawasalimiani. Sisi hatukuweza kusema nani mkweli, na tunadhani wote wawili walisema kweli.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ya 282 ya Surat Baqarah, haikuja kueleza swala wala saumu. Imekuja kutuamrisha kuliandika deni lenye muda, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Na katika hadithi imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari mbili, akasita kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni hilo. Dinari mbili! Na sisi tunachukua injini kwa mali kauli, tunamwambia muuzaji tutaonana msimu wa korosho, kisha tunaingia barabarani usiku bila mke wala mtoto kujua tunadaiwa na nani.

Ushirika wa ndugu ni jambo la baraka, na Mtume mwenyewe alifanya kazi kwa mtaji wa mwingine. Lakini kwanza ijulikane ni ushirika wa namna gani. Kaka aliyetoa milioni 20, je, amekopesha, au ameingia ubia katika gari, au ametoa mtaji na mdogo wake atoe kazi, wagawane faida kwa sehemu waliyokubaliana? Haya ni mambo matatu mbalimbali, na hukumu zake ni mbalimbali siku ya hasara. Na katika yale ya ubia, isisemwe kwamba kaka atapokea kiasi maalumu kila mwezi, gari litembee lisitembee. Hiyo imekwisha kuwa riba iliyovaa kanzu.

Juu ya benki tutasema kwa ufupi. Tofauti ya biashara na riba imewekwa wazi katika Kitabu, na hatuna ruhusa ya kuilegeza. Tangu mwaka 2011 nchini mwetu ipo benki ya Amana, inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine pia zimefungua madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha benki hulinunua gari kwanza, kisha humuuzia mteja kwa bei inayojulikana, isiyoongezeka akichelewa. Hata hivyo tuwe wakweli: uhalali wa mkataba hauondoi uzito wa marejesho. Mwenye kubakiwa na shilingi 82,000 kwa safari, akijifunga kurejesha milioni mbili kila mwezi, hatazipata hata mkataba ukiandikwa na mashekhe.

Na mapato ya barabara hii hayaji sawasawa. Ufuta una miezi yake, korosho ina miezi yake, na katikati pana mvua. Walio wazee wanakumbuka pantoni la Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Wengi tukadhani kusimama njiani kumekwisha. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika, maji yaliikata barabara ya Lindi upande wa Kilwa, na magari yakapanga foleni pande zote mbili, mengine na mizigo inayooza. Marejesho ya mwezi ule hayakungoja maji yapungue. Nabii Yusuf (A.S.) alimfundisha mfalme wa Misri kuweka akiba ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya dhiki, kwetu sisi ni miezi tu, nayo bado inatushinda.

Sasa mtaona kwa nini tumelileta jambo la hesabu mimbarini. Dereva asiye na fungu la chombo hujazia pengo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzidisha mzigo. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari kubwa kabisa, na kila ekseli ina kikomo chake. Anayekwepa mizani, au anayeipita kwa kutia kitu katika kiganja cha mtu, anaharibu barabara ambayo mgonjwa wa Kilwa anaipitia kwenda hospitali. Ya pili ni kulala usukani. Anakwenda Dar es Salaam na kurudi bila kupumzika, kwa sababu tarehe ya deni imefika. Tairi limekwisha lakini atalivumilia safari moja tena. Breki zinalia naye anaongeza sauti ya redio. Mtume (S.A.W.) ametukataza kudhuru na kudhuriana. Abiria wa basi linalokuja mbele hakukopa chochote kwake.

Utingo naye apewe haki yake gari linapofika, kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyousiwa. Asiambiwe kwamba mwezi huu ulikuwa mbaya. Na kuhusu zaka: gari la kufanyia kazi halitolewi zaka, lakini fedha iliyowekwa, pamoja na fungu la chombo lenyewe, ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na kuzungukiwa na mwaka wa mwezi mwandamo, hutolewa asilimia mbili na nusu. Mwenye shaka amwulize shekhe wa msikiti wake.

Lililobaki ni daftari. Lipigwe mistari minne: kilichoingia, kilichotoka, fungu la chombo, na deni pamoja na jina la mwenye kudai. Liandikwe kila safari inapokwisha, kabla ya kuoga. Kwa kuwa dereva huwa amechoka, mwanafunzi wa nyumba hiyo amwandikie. Mtoto wa darasa la saba anaziweza hesabu tulizozifanya leo. Nakala ikae kwa mke au kwa mama, si ndani ya gari. Na fungu la chombo liwekwe mbali na simu ya matumizi ya kila siku.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote, awafikishe salama walioko njiani usiku wa leo, na awasaidie wenye madeni kuyalipa wakiwa hai.