Muuguzi Asiyeulizwa: Tetekuwanga, Mkanda wa Jeshi na Kinga ya Watumishi wa Afya



Mhadhara huu una chanzo chake. Katika kikao kimoja cha kupanga chanjo za watumishi wa afya, bingwa mwenzangu ninayemheshimu sana alisimama akasema: tetekuwanga ni ugonjwa wa watoto, wauguzi wetu wote waliugua wakiwa wadogo, fedha ziende kwenye homa ya ini. Ukumbi ukampigia makofi, ajenda ikafungwa, tukaenda kunywa chai. Leo nimekuja kumjibu, tena kwa kirefu, kwa sababu kauli ile naisikia kila mahali na inatuumizia wagonjwa.

Sitarudia anayoyajua mwanafunzi wa mwaka wa pili: kirusi ni kimoja, magonjwa ni mawili, tetekuwanga hutangulia, kisha kirusi hujificha kwenye vifundo vya neva na kuibuka baadaye kama mkanda wa jeshi. Tuendelee.

Ugonjwa wa watoto, anasema. Watoto wa wapi? Kauli hiyo tumeirithi kutoka vitabu vya Ulaya na Marekani, ambako kabla ya kuja chanjo ilikuwa nadra kumkuta mtu mzima ambaye hajawahi kuugua. Katika nchi za joto mambo ni tofauti. Tafiti za Asia ya Kusini na Kusini Mashariki zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi hufikia ujana, hata utu uzima, bila kukutana na kirusi hiki, na nchini India waliokulia vijijini walionekana kukosa kinga zaidi kuliko wa mjini. Wengine wanasema joto na unyevu hukidhoofisha kirusi, wengine wanasema ni jinsi watu wanavyoishi; ubishi haujaisha. Na mtu mzima haugui kama mtoto. Nimonia ya tetekuwanga ni ya watu wazima zaidi, na mjamzito anapougua, roho mbili ziko hatarini. Sasa jiulizeni vyuo vyetu vya uuguzi hujaza madarasa yake kwa vijana kutoka wapi.

Wote waliugua, anasema. Nani aliwauliza? Mwongozo wa chanjo wa Uingereza, ule uitwao Green Book, unakubali kumbukumbu ya mhudumu kuwa ushahidi wa kinga. Lakini unaongeza tahadhari inayotuhusu sisi moja kwa moja: kwa wahudumu waliozaliwa na kukulia nje ya Uingereza kumbukumbu hiyo haitegemeki vilevile, hivyo kupima kingamwili kufikiriwe. Maana yake ni kwamba muuguzi wetu akiajiriwa kule, wageni watataka kujua hali ya kinga yake, jambo ambalo sisi tuliomsomesha hatukumwuliza hata siku moja.

Halafu kuna dhana nyingine, ambayo mwenzangu hakuitamka lakini imo ndani ya kauli yake: kwamba mkanda wa jeshi ni maumivu ya mwenye nao, haumhusu mwingine. Hapa ndipo namleta mtu ninayempenda kuliko wote katika historia ya ugonjwa huu, Edgar Hope-Simpson. Hakuwa profesa. Alikuwa daktari wa kawaida katika mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, na nguvu yake yote ilikuwa kuandika. Kuanzia 1947 hadi 1962, miaka 16, aliandika kila mgonjwa wa mkanda wa jeshi aliyetokea kati ya watu wapatao 3,500 waliokuwa chini yake. Walifika 192. Fikirini subira hiyo: mgonjwa mmoja kwa mwezi, na kalamu haiwekwi chini. Mwaka 1953 alikwenda hadi Yell, kisiwa cha Shetland, kwa sababu katika jamii ndogo iliyojitenga unaweza kufuata ugonjwa nyumba kwa nyumba. Swali lake lilikuwa hili: tetekuwanga hurudije mahali ambapo haikuonekana kwa muda mrefu? Jibu lake, alilolitoa kwa ukamilifu katika mhadhara uliochapishwa 1965, ni kwamba mzee alikihifadhi kirusi mwilini tangu utotoni, kikaibuka kama mkanda wa jeshi, na mjukuu akaambukizwa tetekuwanga. Kutoka kwenye daftari lile alikadiria pia kwamba watu 1,000 wakiishi hadi miaka 85, nusu yao watakuwa wameugua mkanda wa jeshi. Kila ninapousoma mhadhara ule naona jinsi mtu mmoja makini, akiwa na daftari, anavyoweza kuwatangulia wenye maabara.

Yell nimeiona mwenyewe, katika wodi ya hospitali moja ya mkoa, nikiwa daktari kijana. Bibi mmoja alilazwa akiwa na malengelenge kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Mwanafunzi wa uuguzi alimwogesha, akambadilisha kanga, bibi akimwita mjukuu wangu na kumwombea mume mwema. Zamu zikabadilika, binti akapelekwa wodi ya watoto. Baada ya wiki mbili hivi alipata homa, kisha upele. Siku mbili kabla ya upele, wakati mtu tayari anaambukiza wala hajijui, alikuwa akipita kitanda hadi kitanda akipima joto. Mtoto mmoja mwenye maradhi ya figo, aliyekuwa kwenye prednisoloni, dawa inayodhoofisha kinga, akaambukizwa. Hakupona.

Mwaka 1974 Michiaki Takahashi wa Osaka alichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya chanjo yake mpya ya tetekuwanga. Aliijaribu wapi? Katika wodi ya watoto. Ugonjwa ulipoingia, watoto 23 ambao hawakuwahi kuugua walichanjwa mara moja, baadhi yao wakiwa na maradhi ya figo, baadhi wakitumia dawa za jamii ya prednisoloni, na wodi ikanusurika. Chanjo hii ilizaliwa kwa ajili ya mtoto kama yule wetu.

Tupime sasa upande wa pili kwa haki. Sidai kila mtoto wa Tanzania achanjwe kesho. Shirika la Afya Duniani, katika msimamo wake wa 2014, lilionya kwamba chanjo ya watoto isipofikia angalau asilimia 80 inaweza kuusogeza ugonjwa kwa watu wazima. Onyo hilo nalikubali. Ipo pia hoja, yenye mizizi kwa Hope-Simpson mwenyewe, kwamba kukutana na watoto wanaougua huichangamsha kinga ya wazee dhidi ya mkanda wa jeshi. Hoja hiyo iliichelewesha Uingereza hadi Novemba 2023, kamati yake ya chanjo ilipopendekeza watoto wachanjwe. Homa ya ini nayo inastahili kila shilingi inayopata. Lakini hakuna hata moja kati ya hoja hizi inayomgusa muuguzi. Msimamo uleule wa 2014 ulizitaka nchi zifikirie kuwachanja wahudumu wasio na kinga wanaowahudumia wagonjwa walio katika hatari kubwa. Hao wanahesabika, wana majina na mafaili.

Liko jambo jingine linalonikera. Kabla ya dawa za kufubaza VVU, mkanda wa jeshi kwa kijana ulikuwa tangazo la UKIMWI, na fedheha ile haijatutoka. Muuguzi mwenye malengelenge huyafunika kwa sare na kuingia zamu kimya kimya, hata wodi ya wazazi. Angesema, angeondolewa kwa wajawazito, vichanga na wenye kinga dhaifu hadi vidonda vikauke, basi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo na waganga wafawidhi walioketi hapa: siku ya usajili, muulizeni kila mwanafunzi kama aliwahi kuugua, mruhusuni ampigie mama yake simu, na jibu liandikwe. Asiye na uhakika apimwe. Asiye na kinga, na asiye mjamzito wala mwenye kinga dhaifu, apewe dozi mbili kabla hajavaa sare ya wodini. Anzeni na muhula ujao.