Tumchangie na Anayejaribu Tena


Kule Ufini, kampuni ya Rovio ilitengeneza michezo 51 ya simu na kompyuta, ikakaribia kufilisika. Mchezo wa 52, Angry Birds, ulitoka 2009 ukapendwa duniani kote. Mwaka 2010 wanafunzi wa huko wakaanzisha Siku ya Kushindwa, kila Oktoba 13, watu wasimulie walivyoanguka bila aibu.

Sisi je? Harusi tunachanga, msiba tunachanga. Kijana wetu akifunga kakampuni kake ka programu za simu, tunamcheka.

Mwaka huu tuchangie pia vijana wabunifu, na aliyeshindwa mara ya kwanza apewe nafasi ya pili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.