Mtoto Anapoegemea Mguu Mmoja

Leo tutaongea juu ya nyonga.

Hebu fikiria mama yuko foleni ya maji na mtoto wake wa miaka miwili. Mtoto anatembea akiyumba, na akisimama anaegemea mguu mmoja. Jirani anasema, "Mwache, ataacha akikua." Jirani ana nia njema, lakini maneno hayo huchelewesha matibabu. Mtoto hachechemei bure.

Nyonga ni pale mfupa wa paja unapoungana na mfupa wa kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho hukaa ndani ya kishimo kama mchi ndani ya kinu. Kinu kisipokuwa na kina, mchi huteleza. Kuna watoto wanaozaliwa na kishimo kisicho na kina cha kutosha. Mfupa ukihama, mguu huonekana mfupi na kiuno huinama upande mmoja. Mtoto mchanga haumwi, kwa hivyo halii. Ni sisi wa kumwangalia.

Hali hii huwapata zaidi wasichana, vifungua mimba, watoto waliotanguliza matako tumboni, na wale ambao katika ukoo wao kuna aliyewahi kuwa nayo.

Mama, unapombadilisha mtoto nepi, mlaze chali. Mkunje magoti yote mawili, nyayo zikae sawa. Je, goti moja liko chini kuliko jingine? Kisha yapanue mapaja taratibu, bila nguvu. Je, moja linakataa kufunguka? Ukiona hivyo, usingoje siku ya kliniki; mpeleke muuguzi amwangalie. Nyonga ikigunduliwa kabla ya miezi 6, mara nyingi hutibiwa kwa mikanda laini inayoshikilia miguu ikiwa imekunjwa na kupanuliwa. Ukichelewa, mtoto huenda akahitaji plasta au upasuaji.

Kumbeba mtoto mgongoni kwa leso, miguu ikiwa imekumbatia kiuno chako, kunasaidia nyonga kukaa mahali pake. Hivyo walivyotubeba nyanya zetu ni vyema. Kibaya ni kumviringisha mtoto huku miguu imenyooshwa na kukazwa. Nchini Japani, kampeni iliyoanza 1975 iliwafundisha wazazi kuacha kufunga miguu hivyo, na tatizo hili likapungua sana. Kwa hivyo ukimfunika kwa baridi, mwachie nafasi ya kukunja magoti.

Sasa, je, mtoto aliyekuwa akitembea vizuri akianza kuchechemea ghafla? Huenda amechomwa na mwiba au ameanguka. Lakini huenda pia kuna usaha ndani ya kiungo, au kifua kikuu cha mifupa. Na kwa mwenye siko seli, ugonjwa tunaoujua sana hapa Pwani, damu yaweza kukosa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Tena kumbuka, maumivu ya nyonga mara nyingi husikika gotini. Mtoto akilalamika goti na goti halina kitu, omba nyonga ichunguzwe.

Mtoto akiwa na homa na hataki kukanyaga, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usaha waweza kuharibu kiungo kwa siku chache tu, na ulemavu ukabaki maisha yote. Usimkande, usimvute mguu. Dawa ya maumivu ikimtuliza, isikufanye urudi nyuma.

Ukifika, mweleze daktari: kuchechemea kulianza lini, ni mguu upi, ana homa, alianguka, na je, nyumbani kuna mwenye siko seli au kifua kikuu?

Leo jioni, mama, baba au nyanya, mwite mtoto atembee kuelekea kwako. Mtazame kiuno, mtazame miguu. Asipokwenda sawa, kesho muanze safari ya kituo cha afya.