Maji ya Kisima Chetu na Masomo ya Miamba

(Hotuba iliyotolewa na wanafunzi watatu wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, wanaosomeshwa na mfuko wetu wa elimu, mbele ya mkutano wa kamati za maendeleo za parokia, Arusha.)



Awali ya yote tunawashukuru kwa ada, kwa nauli na kwa sala zenu. Tumeombwa tueleze tunasoma nini, na masomo hayo yana faida gani kwa parokia. Swali hili si geni kwetu. Tulipoondoka kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako jiolojia imefundishwa tangu 1974, mzee mmoja wa jumuiya yetu alisema afadhali tungesoma ualimu, maana mawe hayana mwajiri. Wengine walidhani tunakwenda kutafuta dhahabu, na hadi leo wapo wanaotuuliza kwa sauti ya chini kama tumeona chochote.

Wawili kati yetu wanasoma jiolojia na mmoja sayansi ya mazingira. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa fizikia, kemia na hesabu, na hatutawachosha nao. Mwaka wa pili tulipelekwa porini na nyundo, dira na lenzi ndogo ya mkononi, tukafundishwa kuchora ramani ya miamba kwa miguu yetu wenyewe. Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba mwamba, udongo, maji na afya ya mtu havitenganiki. Na jambo hilo tulilikuta nyumbani.

Mmoja wetu ana meno ya kahawia. Mnamwona. Dar es Salaam akicheka tu huulizwa kama ni mtu wa Arusha. Tangu utoto aliambiwa kwamba ni ya ukoo, au kwamba hapigi mswaki vizuri, naye akayasugua kwa mkaa na majivu mpaka fizi zikatoka damu. Jibu alilipata darasani, katika somo la maji yaliyo chini ya ardhi.

Mlima Meru ni volkano. Mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana madini yaitwayo floraidi. Mvua inaponyesha mlimani maji huwa na floraidi kidogo sana. Yanapozama na kukaa muda mrefu katika miamba ile, huiyeyusha polepole. Kwingineko kalsiamu iliyomo majini hushikana na floraidi na kuipunguza, lakini miamba yetu hutoa sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo floraidi hubaki ndani ya maji. Ndiyo maana chemchemi za juu mlimani kwa kawaida huwa nafuu kuliko visima virefu vya tambarare. Sisi sote tulikua tukiamini kwamba kisima kikiwa kirefu zaidi maji yake ni salama zaidi. Kwa vijidudu ni kweli. Kwa floraidi mara nyingi ni kinyume.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji, viwango vya muda vya 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, baadaye ikawa 4, na sasa nasi tunafuata 1.5. Kwa hiyo kisima kilichopitishwa kihalali zamani kinaweza leo kuwa nje ya kiwango bila tone moja la maji yake kubadilika.

Katika likizo ya mwaka wa pili tulichukua maji ya kisima cha parokia mojawapo, tukayapeleka maabara. Hatutaitaja, maana kamati yake imo humu na ilitupokea vizuri. Ni kisima kizuri. Kina kibao chenye jina la wafadhili, na siku ya kukibariki kwaya iliimba mpaka jioni. Majibu yaliporudi, floraidi ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango.

Tulikaa na karatasi ile siku nne. Tuliogopa kuonekana vijana waliokwenda chuo wakarudi kutukana kazi ya wazee. Tuliogopa pia kwamba wafadhili wakisikia wataona fedha zao zimepotea. Baba paroko ndiye aliyetuambia tuseme, tena tuseme kwenye kikao na si pembeni.

Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo tukifunge?" Hatukuwa na jibu tayari. Kabla ya kisima hicho akina mama walichota kwenye mfereji unaopita kwenye malisho, na watoto waliharisha kila msimu wa mvua. Kukifunga kisima ni kuwarudisha huko. Mama mmoja akasema basi tuyachemshe. Ilibidi tumweleze kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki huzidi kukolea. Tukaongeza habari ya magadi tunayoweka kwenye maharage na makande, kwamba nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Hilo ndilo lililoleta manung'uniko makubwa kuliko yote.

Kilichoamuliwa ni hiki. Kisima kiendelee kwa kufua, kuoga na ujenzi. Maji ya kunywa na kupikia yatafutwe kwingine, na wa kwanza kupewa wawe watoto wa chini ya miaka minane na wajawazito, kwa kuwa meno huharibika yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi. Yakishatoka na madoa hayarudi. Maji haya yakinywewa kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika, na kuna watoto waliopinda miguu.

Tulipima paa la kanisa: mita za mraba 200. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 800 kwa mwaka ni lita 160,000. Tukitoa moja ya tano inayopotea, zinabaki 128,000. Kwa lita tano kwa mtu kwa siku, hizo zinatosha watu 70 mwaka mzima, mradi matangi yawepo ya kuzihifadhi wakati wa kiangazi. Parokia ina watu wengi zaidi ya 70. Paa la shule nalo lipo.

Njia ya pili ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo, kisha husagwa na kuwekwa kwenye ndoo ya kuchujia. Mfupa huvuta floraidi kwa sababu ile ile inayoufanya mwili wetu uivute: madini yake ni fosfati ya kalsiamu. Ukichomwa kidogo maji hunuka. Ukiunguzwa mno hupoteza nguvu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, cha Wizara ya Maji, kimeishughulikia njia hii miaka mingi, na Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya, lililokuta shida hii hii kwenye visima vyake, lilianza kuifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mzee mmoja aliuliza kama mifupa ya nguruwe itachanganywa, kwa sababu majirani zetu Waislamu nao huchota hapo. Ni swali zuri, na halikuwamo katika kitabu chochote tulichosoma. Iandikwe kwenye makubaliano na machinjio: ng'ombe tu. Mkaa huo huchoka, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupima na kuubadilisha. Bila fungu la kazi hiyo, msianze.

Kwa wafadhili tuna ombi dogo. Katika bajeti ya kila kisima liwepo fungu la kupima maji, na majibu yasomwe kwenye kikao kabla ya kununua pampu.

Pale nyuma mezani tumeweka chupa za plastiki. Kila kamati ichukue mbili. Suuzeni chupa mara tatu kwa maji ya chanzo chenyewe, jazeni, andikeni jina la chanzo na tarehe, mtuletee kabla hatujarudi chuoni. Msitumie chupa za kioo, hata za soda, kwa sababu floraidi hushikana na kioo na majibu hayatakuwa ya kweli.